Pembe ya Upande wa Kushoto

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na masikio yaliyonichosha. Nasema hivyo mapema ili usije ukanidhania mwema. Wengine wakimkumbuka huanza na sifa, halafu huongeza kasoro moja au mbili kwa adabu. Mimi siwezi, kwa sababu nilimwonea wivu tangu Jumapili ya kwanza nilipoingia kwaya ile hadi leo ninapoandika, na yeye hayuko Nairobi tena.

Kazi iliyomlisha ilikuwa relini. Alitembea kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia, alituambia, na lenye ufa hukohoa. Kwa kazi hiyo alipewa nyumba Makongeni, na jioni za Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi mchana, alikuja kwa miguu mpaka kanisa letu la mabati kule Shauri Moyo, akatugonga sisi. Tulikuwa watu thelathini, karibu wote wa kutoka magharibi: makarani wa kaunsili, wafanyakazi wa viwandani, mama wa mboga, na mimi, mwenye bucha katika soko la Burma. Niliimba sauti ya tatu. Nilikuwa na sauti nzuri, na sikuwa peke yangu kusema hivyo.

Hakutumia kinanda. Alisimama mbele, akafumba macho, akatoa “do” kutoka kichwani mwake, nasi tukaipokea. Vijana wa besi walipopata kinanda kidogo cha betri walikificha chini ya benchi ili wamnase. Alipoimba do yake, mmoja akabonyeza kwa siri, akasikiliza, akainua kichwa huku macho yamemtoka.

“Buda ako sawa,” akamnong'oneza mwenzake. “Sawa kabisa. Hii ni noma.”

“Na hicho kinanda chenu,” Mwalimu akasema bila kufumbua macho, “betri zinakwisha.”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mke wangu, aliyeimba sauti ya pili, alicheka kuliko wote, na alikuwa na tabia ya kucheka utani wa mtu yule hata kabla haujaisha. Utani wangu alikuwa akiusubiri uishe kwanza, kisha anauliza kama nimefunga bucha vizuri.

Hakuna kilichompita. Kutoka ngazi za kanisa aliweza kusikia adhana kutoka upande wa Pumwani akasema leo yule muadhini ana mafua, ameanza chini kidogo ya jana. Bucha kwangu hakuwahi kununua nyama. Alinunua mifupa ya supu tu, na kabla ya kununua aliugonga kila mfupa kwa kifundo cha kidole juu ya meza yangu, mbele ya wateja, akasema, “Huyu alikuwa ng'ombe mzee.” Alikuwa akisema kweli, na ndiyo sababu nilimchukia. Aliniita Burma, kama vile sikuwa na jina, na soko zima likaiga.

Usifikiri alikuwa malaika. Alituhubiria unyenyekevu, lakini hakupita dirisha lolote bila kutengeneza kipara chake, kana kwamba pale pana nywele. Alifukuza watu kwa kuchelewa dakika tano, naye mwenyewe alichelewa nusu saa na kusingizia treni. Alikataza kupiga kelele akipiga kelele. Na alikuwa na upendeleo. Kwa miaka yote niliyoimba chini yake hakunipa kuimba peke yangu hata ubeti mmoja. “Sauti yako ni nzuri, Burma,” alisema, “lakini unaisikiliza mno. Ukijisikia wewe tu, jua umetoka nje ya wimbo.” Aliyasema hayo mbele ya mke wangu.

Nilitaka mahali pake. Sina njia nyingine ya kulisema jambo hili. Nilitaka kusimama pale mbele, nifumbe macho, watu thelathini wanisubiri. Nikiwa nakata nyama nilikuwa naongoza kwaya kwa kisu.

Sasa, mtu unayemwonea wivu unamtazama sana. Wengine waliimba, mimi nilimchunguza. Ndiyo maana niliona mapema. Kwanza, alianza kutugombeza sisi wa sauti ya tatu kwamba tumenyamaza, na sisi tulikuwa tunaimba mpaka mishipa ya shingo imesimama. Tulikaa upande wake wa kushoto. Kisha niliona kwamba ukimsalimu kutoka kushoto anakupita kama nguzo ya stima. Watu waliudhika. Wakasema Mwalimu siku hizi hasalimiki, cheo kimempanda kichwani, na hata kwaya ya watu wa reli imemwalika kuihukumu. Mimi nilijua si kiburi. Nilimwona akishuka ngazi za kanisa akiwa ameshika ukuta, kwa mkono mzima, si kwa vidole. Nilimwona akigeuza kichwa kama kuku anayetazama punje, ili sikio la kulia lielekee kwetu. Na Alhamisi moja alitoa do iliyokuwa chini. Chini kidogo tu, unywele. Watu thelathini waliipokea kwa mapenzi yao yote wakaimba, na wimbo mzima ukaenda hivyo. Ni mimi tu niliyesikia, na moyo wangu ulifurahi mpaka nikaona haya.

Sikumwuliza, “Mwalimu, unaumwa?” Maneno hayo mawili hayakunitoka. Badala yake nilikwenda kwa wazee wa kanisa.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa nane, ndani ya kanisa, joto la mabati likituchoma vichwa. Wazee walikuwa wanne, na pamoja nao Mama Mzee, bibi aliyekuwa na umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe. Alikuja Nairobi akiwa tayari mtu mzima, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota njiani, neno hapa neno pale. Lakini kanisani kwetu, ambako watu huota ndoto na kupewa maono, yeye ndiye aliyesema lipi limetoka juu na lipi ni la shibe ya jioni. Hakuna aliyembishia.

Nikasimama, nikatoa mashtaka yangu: hasalimii, anagombeza watu bure, ameshikilia kwaya kama shamba la babake. Nilijiona nikipamba moto, na hapo nikalitoa neno nililokuwa nimelisema mara nyingi kule Burma.

“Kwa ufupi wazee wangu, Mwalimu ameota pembe.”

Kila mtoto wa Nairobi anajua maana yake. Mtu akiota pembe amekuwa na kiburi, anataka kupigana na waliomlea. Wazee wanne walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mama Mzee hakutikisa. Aliinua mkono.

“Pembe?” akauliza. “Wewe uliona hiyo pembe?”

Nilidhani ananichochea. “Nimeiona, Mama. Kila mtu anaiona.”

“Kwa kichwa yake?”

“Kichwani kabisa.”

“Imetoka inje, ama iko ndani?”

Mzee mmoja akakohoa. Mimi nilikuwa na hasira, na nilitaka kuchekesha. “Bado iko ndani, Mama. Lakini inakuja.”

“Upande gani?”

“Kushoto!” nikasema, nikiwaza sisi wa sauti ya tatu tunaokaa kushoto na kugombezwa. “Upande wa kushoto, nyuma ya sikio!”

Mama Mzee akasimama polepole, akaangalia juu. “Bwana asifiwe,” akasema. “Huyu mtoto wa nyama ameonyeshwa kitu.”

Hapo ndipo mtu mwaminifu angesema: hapana Mama, huo ni msemo tu, nimemtukana. Nilifungua mdomo. Lakini wale wazee wanne walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja, yule aliyekuwa hanipi hata kiti, alikuwa amevua kofia kwa ajili yangu. Nikafunga mdomo.

Jumatatu Mama Mzee mwenyewe alikwenda Makongeni, akamshika Mwalimu mkono, akampeleka hospitali kubwa. Alikaa naye kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri, siku tatu tofauti, na kila daktari aliyepita alimwambia, “Huyu ako na pembe ndani, kushoto, nyuma ya sikio. Angalieni hapo.” Madaktari walicheka. Kisha mmoja akagonga kile chuma chao cha pembe mbili kinacholia, akakisimamisha utosini mwa Mwalimu, akamwuliza anasikia upande gani. Akasema kulia tu. Daktari akakigonga tena. Kulia tu. Hapo wakaacha kucheka, wakamwingiza kwenye ile mashine ya mviringo inayopiga picha za ndani ya kichwa.

Tulikwenda wodini kumwona, mimi na mke wangu na Mama Mzee, siku daktari wa upasuaji alipokuja na zile picha. Aliziinua dirishani. Nilizisoma kabla hajanieleza, maana nimeishi na mifupa. Fuvu huwa na ukingo mweupe uliolingana. Upande wa kushoto, kwa ndani, ukingo ule ulikuwa umetoa kinundu cheupe zaidi kuliko mfupa wenyewe, kidogo kama punje ya maharagwe, kimeegemea kijia chembamba cha neva za sikio.

“Hii si saratani,” daktari akasema. “Haili mwili, haisambai. Ni mfupa wa kawaida uliojiotea mahali pasipofaa. Unakua polepole sana, miaka na miaka, na ni mgumu kama pembe ya ndovu. Kuota nje ya fuvu au kwenye matundu ya pua, hiyo tumeona. Ndani, mahali hapa, mimi nimesoma vitabuni tu.”

“Pembe,” Mama Mzee akasema. Hakuuliza kitu kingine.

“Kama haina ubaya, kwa nini inamwangusha?” mke wangu akauliza. Macho yake yalikuwa yamelowa, nami niliyaona.

Mwalimu ndiye aliyejibu, akiwa amelala na sikio la kulia juu. “Dada, kichwa ni chumba cha kupanga mtaani Huruma. Kitanda kiko hapa, jiko liko pale, watoto wako chini ya meza. Ukileta kabati, hata kama ni kabati zuri, lazima mtu mmoja alale nje. Kwangu aliyelala nje ni sikio.”

Daktari alicheka, akasema atatumia mfano huo kwa wanafunzi wake. Na kweli wanafunzi wa udaktari walikuja kwa makundi, wakamzunguka na madaftari, yeye akawaeleza mlio uliokuwa ukimsumbua katika sikio lile usiku na mchana. Aliwaambia ulikuwa ni “la” iliyoshuka kidogo. Hata ugonjwa wake alijua unaimba noti gani! Mimi wakati ule nilikuwa na vidonda vya tumbo, kama nusu ya watu wa Eastlands. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuja kunitazama. Nilisimama kando ya kitanda cha mgonjwa, nikamwonea wivu kwa kuugua kitu cha vitabuni.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Walimnyoa zile nywele chache za nyuma, wakamfungua nyuma ya sikio, wakatoa kidirisha cha mfupa, wakausogeza ubongo pembeni taratibu kama mtu anayepisha mtoto aliyelala. Kisha wakaisaga ile pembe kwa keekee ndogo sana huku wakiimwagia maji isipate moto, vumbi kwa vumbi, kwa kuwa kando yake inapita neva ya kusikia, na bega kwa bega na hiyo, neva ya uso. Mkono ukitetemeka kidogo, uso wa mtu unaning'inia upande mmoja maisha yake yote. Mimi hukata mifupa kwa shoka. Nilikaa nje nikiitazama mikono yangu, na nitasema nilichokiomba: niliomba asife. Zaidi ya hapo sikuomba. Kwamba asikie tena, hilo sikuliomba.

Hakufa, na uso wake haukuning'inia. Kizunguzungu kilipungua, ile “la” ikanyamaza. Lakini sikio la kushoto halikurudi. Daktari alisema neva ilikuwa imebanwa muda mrefu mno. Angekuja miaka miwili mapema, alisema, labda.

Jumapili ya shukrani Mwalimu alisimama mbele ya kanisa na bandeji nyuma ya sikio. Akasema kwaya inahitaji mtu mwenye masikio mawili. Akasema, “Nampa ndugu yangu wa Burma. Yeye ndiye aliyeona.” Watu wakapiga makofi mpaka mabati yakaitikia. Mke wangu alinitazama siku ile kama hajawahi kunitazama, na sikuweza kumtazama yeye.

Basi nikapata. Nilisimama mbele, nikafumba macho, nikatoa do, na nikiwa sina hakika vijana wa besi walinibonyezea kinanda kwa upole. Walinitii vizuri. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyegombana. Tuliimba sawasawa, na mkutano ulitusikiliza huku ukipekua vitabu vya nyimbo. Akina mama waliniletea watoto wenye maumivu ya kichwa pale bucha, kati ya maini na matumbo, niwaangalie kama wana pembe. Niliwaambia wawapeleke zahanati. Wakasema, mnaona jinsi alivyo mnyenyekevu. Na Mwalimu alikaa benchi la nyuma, sikio la kulia mbele, kimya. Kila baada ya ibada alinishika mkono na kusema asante. Relini walimhamisha kutoka magurudumu hadi stoo ya bolti, kwa kuwa mtu wa sikio moja hajui mlio unatoka wapi. Hakulalamika kwangu hata siku moja, na hilo pia nilimwekea kinyongo.

Baada ya miaka mitano reli ilipunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Siku ya kuhama nilifunga bucha mchana nikaenda Makongeni. Lori lilikuwa nje ya nyumba, watu wawili wakipakia kabati. Yeye alikuwa amekaa juu ya gunia la sufuria. Nikazunguka nikasimama upande wake wa kulia.

“Mwalimu,” nikasema, “kabla hujaenda kuna neno. Ile siku ya wazee, sikuonyeshwa kitu. Nilikuwa ninakutukana.”

“Najua.”

“Hapana, sikiliza. Nilisema umeota pembe kwa maana ya—”

“Burma,” akasema, “mimi nimekaa Nairobi miaka thelathini. Unafikiri sijui maana ya kuota pembe? Nilikuwa nje ya dirisha, nimekuja kuchukua vitabu. Nilisikia yote, kwa sikio zima.”

Watu wa lori waliuliza meza iingie kwanza au kitanda, akawajibu kitanda.

“Na ulinyamaza,” nikasema.

“Ningesema nini? Kwa miaka miwili nilijua sikio linakwenda. Nilinyamaza kwa ajili ya kazi. Reli ikijua mgonga gurudumu hasikii, kesho hana nyumba. Niliogopa hospitali, niliogopa kila kitu. Mama Mzee alipokuja kunishika mkono na maono yako, sikuwa na nguvu ya kukataa tena. Nikasema, heri niende kwa tusi la Burma kuliko nisiende kabisa.”

“Basi kwa nini ulinipa kwaya? Ulijua mimi ni mtu wa namna gani.”

Akapangusa magoti.

“Kuna Alhamisi nilitoa do ya chini. Nilijua nimekosea mara tu ilipotoka. Nikatazama watu. Wote walikuwa wananipenda, wakaimba kama nilivyowapa. Wewe peke yako uliinua uso. Nikasema, kwaya nzima ina mtu mmoja tu anayenisikiliza, na ni yule anayenichukia.”

Alisema bila ukali, kama anayetaja bei ya nyanya. Nilikuwa nimebeba ungamo lile miaka mitano kama mzigo wa magunia mawili, nimekuja kulitua miguuni pake, na kumbe alikuwa nalo siku zote. Hata katika hilo alikuwa amenitangulia. Nilimwonea wivu pale pale, juu ya gunia la sufuria, mtu aliyepoteza kazi na nyumba na sikio.

Dereva akawasha injini. Nikamsaidia kuinuka, akashika bega langu ili ajisawazishe, maana nusu ile ya dunia ilikuwa bado inamteleza.

“Na wewe sasa,” akaniuliza, “huko kwenye kwaya, nani anakuonea wivu?”

Nikawapitia wote thelathini, benchi kwa benchi. Sauti ya kwanza, ya pili, ndugu zangu wa sauti ya tatu, vijana wa besi na kinanda chao. Niliwatafuta kwa makini, kama mtu aliyepoteza funguo.

“Hakuna,” nikasema.

Safari hii hakuniita Burma. Aliniita kwa jina langu.

“Pole sana,” akasema, akapanda lori.